Posa Iliyotanguliwa na Picha ya Kifua

Nyumbani kwetu Nyololo mtu hakuwa na uhuru wa kukohoa. Ukikohoa mara moja, bibi yangu mzaa baba aliinua macho. Ukirudia, aliweka chini alichokuwa ameshika. Kikitoka kikohozi cha tatu, aliinuka na kufungua madirisha yote ya nyumba, hata kama ni mwezi wa saba na ukungu umeshuka mpaka zizi la ng'ombe halionekani. Sisi wengine tulijivuta ndani ya mablanketi na kumwangalia aliyekohoa kama tunavyomwangalia mtu aliyemwaga mboga.

Lakini sheria hiyo haikumhusu kila mtu. Ilimhusu yeyote ambaye hajatimiza miaka ishirini na mitano. Baba yangu alikuwa seremala, anashinda ndani ya vumbi la mbao, na kila asubuhi alikohoa mpaka kuku wakakimbilia shambani. Bibi hakugeuza hata shingo. "Huyo ameshapita," alisema, akaendelea kupepeta mahindi yake. Mama naye alikuwa ameshapita. Mimi na wadogo zangu tulikuwa bado, kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa na kikombe chake cha bati chenye alama iliyokwaruzwa kwa msumari, na ole wako unywe kwenye kikombe cha mwenzako. Kila Jumamosi mablanketi yetu yalianikwa juani. Kama jua halikutoka, yalianikwa hivyo hivyo, yakarudi ndani na unyevu zaidi kuliko yalivyotoka.

Kanisani bibi alikaa karibu na mlango. Siku moja tuliletewa mchungaji mpya, kijana kabisa, na katikati ya mahubiri akashikwa na kikohozi. Bibi aliinuka pale mlangoni, akatembea polepole mpaka mbele, akampa limau alilolitoa kwenye pindo la kitenge chake. Mchungaji alilipokea kwa mikono miwili. Hakujua alitakiwa alifanyie nini, akaliweka juu ya Biblia, akaendelea kuhubiri. Bibi hakurudi kukaa mpaka mchungaji alipoling'ata. Waumini wote tuliona uso wake alivyoukunja, na mahubiri yaliyobaki, ambayo yalihusu furaha, hayakutuingia.

Sisi watoto tulijua sababu, lakini tulijua kwa juu juu tu. Bibi alikuwa wa mwisho kuzaliwa kwao. Wakubwa zake watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja, walikufa wakiwa vijana, mmoja baada ya mwingine, kwa kitu ambacho nyumbani kilitajwa kama kikohozi kirefu. Jina lenyewe, kifua kikuu, halikutamkwa. Hata baba yangu hakuwa anajua zaidi ya hapo. Alipokuwa mdogo aliwahi kuuliza, akapewa kazi ya kuchota maji, akauliza tena akapewa kazi ya kupasua kuni, akajifunza kutouliza.

Katikati ya miaka ya sabini nilimaliza chuo cha ualimu, nikapangiwa shule ya msingi Rujewa. Mtu aliyekulia kwenye baridi yetu akifika Rujewa anadhani amesimama karibu na moto wa mtu mwingine. Nilizoea. Nilijifunza kula wali asubuhi, mchana na jioni, na nilijifunza kufundisha huku ng'ombe wakipita mbele ya darasa. Kengele ya shule yetu ilikuwa kipande cha chuma kilichoning'inizwa kwa waya, na waya ulipokatika, mwalimu mkuu alimwita fundi wa mashine ya kukoboa mpunga aje kukifunga. Fundi huyo alikuja kukifunga. Kesho yake akaja kuangalia kama kimekaza. Kesho kutwa akaja tena. Wiki ya pili mwalimu mkuu akaniambia, "Mwalimu, huyu kijana ama hajui kufunga waya, ama anakuja kwa ajili yako." Ndiye mume wangu mpaka leo.

Wazee wake walikuwa wafugaji waliohama Usukumani na ng'ombe wao, wakashuka mpaka bonde la Usangu. Baba yake alikuwa amefariki, na aliyemlea ni baba yake mkubwa. Kabla ya kupeleka barua ya posa, tulikubaliana aje kwetu kusalimia tu. Nilimweleza habari za bibi tangu tulipopanda basi. Nilimwambia asikohoe.

"Mimi siumwi," alisema.

"Sijakuuliza kama unaumwa. Nimesema usikohoe."

Shida ni kwamba alikuwa akikohoa kweli. Vumbi la pumba za mpunga lilimkaa kooni mwaka mzima, na alikuwa amelizoea kiasi kwamba alikohoa kama wengine wanavyokuna kichwa. Njia nzima kutoka Igawa alifanya mazoezi ya kumeza mate kila koo likimwasha. Tulipofika Makambako macho yake yalikuwa mekundu, na abiria mmoja mama akaniuliza kwa sauti ya chini kama tunakwenda msibani.

Tulipokewa vizuri. Mama alileta chai na karanga za kukaanga. Bibi alikaa kwenye kigoda chake, akauliza ukoo, akauliza kazi, akauliza kama kwao wanasali. Kiswahili alikuwa amejifunzia kanisani na sokoni, kwa hiyo kilikuwa cha heshima kubwa na hesabu kubwa. Kisha akauliza lile nililokuwa nikiliogopa.

"Mjukuu wangu, umri yako ngapi?"

"Ishirini na nne, bibi."

Niliona uso wake umebadilika. Ningekumbuka, ningemwambia aseme thelathini.

"Ishirini na tano utatimiza lini?"

"Mwezi wa kumi na mbili."

Bibi akafikiri. "Huwezi kuja mwezi wa kumi na mbili?"

"Mama," baba yangu akasema, "mgeni ameshafika. Yuko hapa anakunywa chai."

Mchumba wangu alicheka kidogo kwa adabu, na ganda la karanga likamwingia kooni. Alijitahidi. Nilimwona shingo inavimba, mkono umeshika goti, machozi yanatoka. Kikohozi cha kwanza kilipotoka kilikuwa kimeshikiliwa tangu Igawa, kikatoka na wenzake wote. Baba alijifanya anaangalia dari. Bibi hakuhesabu hata. Alikuwa ameshafika dirishani.

Nyumba ikajaa baridi. Bibi akarudi, akakishika kikombe cha mgeni kwa kitambaa, akakitoa nje mkono ukiwa umenyooshwa mbele, akakitia kwenye sufuria ya maji ya moto. Kilichemshwa mpaka ugali ukachelewa.

"Ni pumba, bibi," mchumba wangu alisema alipopata sauti. "Nafanya kazi kwenye mashine ya mpunga. Vumbi linakaa kooni."

"Na kaka yangu alisema ni vumbi ya dhahabu," bibi akajibu.

Baba aliacha kuangalia dari. Katika maisha yake yote hakuwahi kumsikia mama yake akirudia neno lililotoka kinywani mwa mmoja wa wale watatu. Tulingoja. Bibi akakaa, akajifunga kitenge upya.

"Posa siikatai," akasema. "Kijana ana heshima. Ila kabla ya barua nataka kuona kifua."

Mchumba wangu aliniangalia, kisha akaanza kufungua kifungo cha shati.

"Cha ndani," bibi akasema. "Mbeya kuna mashine inayoona ndani. Jirani yangu alivunjika bega, wakampiga picha, nikaona mifupa yake kwa macho yangu. Nenda kapige. Ulete hapa."

Nilirudi Rujewa nikiwa na hakika kwamba huo ndio mwisho. Mwanaume gani atasafiri mpaka Mbeya kutafutiwa ugonjwa ili aruhusiwe kuandika barua? Sikumlaumu. Nilianza hata kujizoesha kupita njia nyingine ili nisipite mbele ya mashine ya mpunga. Kumbe yeye alikuwa ameshaomba ruhusa kazini. Alipanda lori la mchele, akaenda Mbeya, akapanga foleni hospitali.

"Unaumwa nini?" mtu wa mashine ya eksirei akamuuliza.

"Siumwi. Naoa."

Ilibidi aeleze mara mbili, na mara ya pili alieleza mbele ya daktari, ambaye alikubali kumpiga picha kwa sababu, alisema, kama wachumba wote wangefanya hivyo kazi yake ingepungua. Picha ilitoka ikiwa ndani ya bahasha kubwa ya kaki isiyokunjika. Kwenye basi la kuja Nyololo bahasha haikuingia mahali popote, akaishika mapajani, na abiria wakauliza. Mtu akiuliza swali kwenye basi humjibu yeye peke yake, unajibu basi zima. Picha ikatolewa. Ikainuliwa kwenye dirisha. Mama mmoja wa Chimala akasema kijana huyu hali maharage, mbavu zimeachana mno. Mzee mwingine alizihesabu zile mbavu akasema zimezidi, akaombwa ahesabu tena. Picha ilikwenda mpaka kiti cha nyuma, ikarudi.

Bibi aliisubiri barazani. Aliipokea, akaigeuza juu chini, akaipeleka kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu huku sisi tumesimama nyuma yake kama wanafunzi. Baba alisoma cheti cha daktari kwa sauti: mapafu ni safi. Bibi akamwambia asome tena. Akasoma. Kisha bibi akaweka kidole juu ya pafu la kushoto.

"Na hii doa?"

Wote tukasogea. Kweli kulikuwa na doa, la mviringo, linang'aa kidogo. Mchumba wangu akainama akalitazama kwa karibu.

"Bibi, hilo ni mafuta ya andazi. Ilipita kwa watu kwenye basi."

Bibi akainusa picha. Akalowesha pembe ya kitenge kwa mate, akafuta. Doa likatoka. Akainusa tena, kwa uhakika, kisha akasema, "Aandike barua."

Hapo ndipo baba mkubwa wa mchumba wangu alipopata habari. Huyu alikuwa mzee mrefu, mkavu, anayetembea na fimbo ambayo hakuiegemea hata siku moja. Alikuwa ametembea na ng'ombe kutoka kwao mpaka Usangu kwa miguu, na hakuna mtu aliyewahi kukitilia shaka kifua chake wala cha mtoto wake. "Hata ng'ombe nikimnunua mnadani," alisema, "simpigi picha ya ndani." Alikaa siku nne bila kusema neno. Ya tano akamwita mchumba wangu aandike. Kama wao wameangaliwa, na sisi wa Nyololo tuangaliwe. Si binti peke yake. Wote wanaolala chini ya paa lile na waliofikia umri wa kuoa au kuolewa. Mchumba wangu aliandika alivyoambiwa, kisha kwa herufi ndogo kabisa chini ya ukurasa akaandika samahani.

Bibi alipoisikia barua hiyo ikisomwa alifurahi. "Huyu mzee ana akili," akasema. "Ndiyo mtu wa kuoana naye." Furaha yake ilidumu mpaka baba alipomwambia kwamba na yeye amo.

"Mimi? Mimi nimeshapita zamani."

"Barua inasema wote, mama."

"Labda hakujua kama niko."

"Amekutaja. Amesema, na huyo bibi kwanza."

Tukaenda Iringa wanne, baba, mama, bibi na mimi, katika nguo zetu za Jumapili. Wadogo zangu walibaki, wakafunga madirisha yote kwa mara ya kwanza, wakakohoa siku nzima kwa makusudi. Walikuja kuniambia wenyewe walipokuwa wakubwa. Hospitalini bibi alimuuliza mtu wa mashine kama inaona na yaliyo moyoni. Akaambiwa hapana, inaona mifupa na mapafu tu. "Basi piga," akasema. Akaambiwa avute pumzi aizuie. Picha ikapigwa, yule bwana akazunguka kwenda kutoa filamu, akaitwa na mtu mlangoni, wakasalimiana. Aliporudi alimkuta bibi bado amesimama kwenye mashine, mashavu yamevimba, macho yamemtoka.

"Bibi, pumua."

Bibi akapumua kwa muda. "Hukuniambia," akasema.

Daktari alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya taratibu. Picha yangu ilikuwa safi, ya mama safi, ya baba ina vumbi la mbao lakini si ugonjwa. Ya bibi aliiweka kwenye taa, akaiacha pale, akavuta kiti.

"Bibi, uliwahi kuugua kifua?"

"Mimi? Hapana. Mimi ndiye mzima wa kwetu."

"Hata ulipokuwa msichana?"

"Nilikohoa masika moja," akasema. "Na kukonda kidogo. Mama alisema ni moshi wa jikoni."

Daktari akaonyesha kwa kalamu. Juu, upande wa kulia, kulikuwa na kitu cheupe, kidogo kama punje ya mahindi. "Hili ni kovu. La zamani sana. Ulipata kifua kikuu, bibi, na mwili wako ukakishinda wenyewe. Hakina madhara tena, humwambukizi mtu. Umepona tangu hawa hawajazaliwa."

Neno lenyewe lilikuwa limetamkwa mbele yake, na dari haikuanguka. Bibi aliendelea kuitazama ile punje.

"Kwa hiyo," akasema taratibu, "miaka yote hii aliyetakiwa kuwa na kikombe cha peke yake ni mimi."

Mama yangu alianza kucheka, akaziba mdomo kwa kanga, halafu nikaona si kicheko tena. Daktari naye alitabasamu, akafikiri anamtuliza, akasema siku hizi mtu hapaswi kuogopa sana, kuna sindano na vidonge, mgonjwa akifuata dawa anapona.

"Tangu lini?" bibi akauliza.

"Ni muda sasa. Mimi naanza kazi nilizikuta."

"Sindano," bibi akasema. Akainuka, akashukuru, akatoka.

Tulikaa kwenye ngazi za nje kusubiri muda wa basi. Mama alikuwa amebeba viazi vya kuchemsha, tukala. Na pale, kwenye ngazi za hospitali, mchana, watu wakitupita na wagonjwa wao, bibi akatueleza. Alieleza kana kwamba tumemuuliza.

Kaka yake mkubwa alikwenda kuchimba dhahabu Chunya, upande wa Makongolosi, enzi za wazungu wa machimbo. Alirudi baada ya miaka miwili akiwa na kofia, blanketi jekundu, na kikohozi. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na alikuwa mcheza ngoma ambaye wasichana wa vijiji vitatu walimjua kwa jina. Alisema ni vumbi tu. Dada yao alikuwa ameshachumbiwa, akaazimwa lile blanketi jekundu kwa sababu lilikuwa zuri. Kaka wa pili alikuwa akifundisha watoto kusoma kwenye shule ya misheni. Katika muda wa mwaka mmoja wote watatu walikuwa wakikohoa, na wazee wakawajengea kibanda chao pembeni ya shamba, nyuma ya mianzi.

Bibi alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kazi yake ilikuwa kupeleka uji, kuuweka juu ya jiwe, na kurudi bila kuingia.

"Uliingia," baba akasema.

"Kila siku. Dada alitaka kusukwa nywele. Nani angemsuka?"

Akatuambia kwamba ndani ya kile kibanda hakukuwa na kilio. Dada yake alikuwa mtu wa maneno. Alimwambia kaka mkubwa, wewe wenzako wamekwenda kuchimba wakaleta dhahabu, wewe umechimba kikohozi, tena umekuwa mkarimu umegawa kwa kila mtu. Walishindana nani atakaa muda mrefu bila kukohoa, na aliyeshindwa alitakiwa kuimba. Yule mwalimu alishindwa kila siku, na sauti yake ilikuwa mbaya kiasi kwamba kaka mkubwa alimwomba akohoe tu. Walicheka, kicheko kikawaletea kikohozi, kikohozi kikawachekesha zaidi. Mama yao alikuwa akisikia kutoka shambani, akidhani wanalia, naye alilia kule kule aliko. Hakuna aliyemwambia.

"Aliyetangulia ni kaka mkubwa," bibi akasema. "Halafu mwalimu. Dada alibaki na mimi tu. Hakuwa na mtu wa kushindana naye, tukawa tunashindana mimi na yeye. Masika ile." Akamenya kiazi. "Alinishinda mara nyingi. Sasa ndiyo nimejua kwa nini."

Baba yangu alikuwa na zaidi ya miaka arobaini, na sikuwahi kumwona akimshika mama yake mkono. Alimshika pale. Bibi alimwachia kidogo, kisha akauchukua mkono wake kwa sababu alikuwa hajamaliza kumenya kiazi.

Nyumbani palitokea ubishi. Mama alishauri tupeleke picha tatu tu Rujewa, ya bibi tuseme imeharibika. Bibi alikataa. Alisema mzee yule aliitaka ya bibi kwanza, basi aipate kwanza. Alitaka hata baba achore mshale pale penye kovu, ili lisipotee. Baba akachora kwa penseli ya useremala.

Tulipeleka picha, tukangoja majibu ya barua. Hayakuja. Aliyekuja ni baba mkubwa mwenyewe, Jumamosi moja asubuhi, akiwa na mchumba wangu nyuma na bahasha zetu nne kwapani. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amefika kwenye baridi ya kwetu. Alikuwa amevaa makoti mawili. Tulimkaribisha, tukamsalimia, mama akakimbilia jikoni. Mzee hakugusa chai. Alitoa picha ya bibi, akaiweka mezani, akaweka kidole kwenye mshale.

Nilifikiri amekuja kuvunja posa.

"Dada yangu," akamwambia bibi, "mimi nilizikwa na wawili. Maana yangu, niliwazika wawili. Wadogo zangu. Ugonjwa ni huu. Sijawahi kumwambia mtu, hata huyu kijana hajui. Tulisema wamerogwa."

Mchumba wangu akamgeukia. Ni kweli hakujua.

"Walikuwa na miaka mingapi?" bibi akauliza.

"Kumi na tisa. Na ishirini na mmoja."

"Karibu chai," bibi akasema.

Kutoka hapo sisi wengine hatukuwa na kazi. Walianza asubuhi ile na walikuwa wanaendelea jua lilipopinda. Mzee alieleza jinsi mdogo wake alivyoweza kumwita fahali kwa kupiga mluzi akatoka katikati ya kundi. Bibi akasema kaka yake alipoingia ngomani, hata wazee waliokuwa wakinywa ulanzi waliweka chini vyombo. Mzee akasema mdogo wake wa pili aliimba vizuri. Bibi akasema wa kwao aliimba vibaya kuliko binadamu yeyote, na akatoa mfano wa ile sauti. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Nilitazama madirisha kwa mazoea. Bibi hakuinuka. Alimngoja amalize, akaendelea na hadithi.

Mama alileta ugali na kuku, wakala wakiongea. Baba alikohoa kidogo kwa adabu, kukumbusha kwamba kuna jambo, hakuna aliyemwangalia. Mimi na mchumba wangu tulikaa kwenye benchi moja, pembeni, kama watu waliosindikiza posa ya wengine. Mara honi ikasikika kutoka upande wa barabara kuu, basi la kwenda Mbeya, la mwisho kwa siku ile. Mzee akaruka, akachukua fimbo, sote tukatoka mbio kumsindikiza, bibi akiwa mbele.

Tulimwahi konda akiwa ameshapiga bodi la basi. Mzee aliweka mguu kwenye ngazi, kisha akasimama. Akaingiza mkono kwenye koti la nje, halafu kwenye koti la ndani, halafu tena kwenye la nje, akatoa barua iliyokunjwa, akampa baba yangu.

"Shemeji, nilisahau. Hiki ndicho kilichonileta."

Baba akaifungua pale pale kando ya lami. Alikuwa mtu wa taratibu, akaanza kuisoma kimoyomoyo kuanzia juu, salamu zote, hali ya mvua Usangu, afya ya ng'ombe. Dereva akapiga honi. Abiria wakaanza kuchungulia madirishani.

"Wanasemaje?" dereva akauliza.

"Wanaomba kuoa," baba akasema, bila kuinua macho kwenye karatasi.

"Sasa si ukubali, mzee, tuondoke?"

Baba alitaka kueleza kwamba mambo kama haya hujibiwa kwa barua, baada ya ukoo kukaa. Alikuwa hata amefungua mdomo. Bibi alimpita, akampigapiga baba mkubwa mgongoni ili apande, akamwambia dereva, "Tumekubali. Nenda taratibu kwenye kona, umembeba shemeji yangu."